Francis ni Mzima wa Afya

Fridley, Minnesota
12 Januari 2025

Hussni mdogo wangu,

Tulikubaliana tuandikiane kwa sababu kwenye simu tunagombana. Basi naanza mimi, maana nikikungoja wewe nitangoja mpaka theluji iyeyuke.

Kwanza habari za karatasi zangu. Wakili anasema ombi langu la ukaazi bado liko kwenye foleni. Nikitoka Amerika kabla ya kupewa ruhusa ya kusafiri, ombi linakufa na kurudi hakuna, na mwanangu Aaliyah bado hajamaliza shule. Kwa hiyo siwezi kwenda Mombasa kumwona Mama. Naandika maneno haya na nayachukia. Tangu apooze upande simwombi Mungu kitu kingine ila aniwekee Mama mpaka nifike nimshike mkono. Wewe ndiye unayeongea kila siku na Makena anayemuuguza, na wewe ndiye Mama anakubali umwone kwenye simu. Mimi hataki nione mdomo ulivyopinda. Basi niandikie kila analosema, hata kama ni matusi.

Sasa nina ombi, na usicheke. Hapa kazini, kwenye nyumba ya wazee, nimepangiwa mama mmoja wa Kizungu, Bi Margaret, ametimiza miaka mia. Kila asubuhi nikimvalisha soksi ananiuliza, "Posta imepita? Francis ameandika?" Francis ni kaka yake. Mwaka 1941, Marekani ikiwa bado haijaingia vitani, alipanda treni hapa Saint Paul akavuka kwenda Kanada kujiandikisha, afundishwe kurusha ndege za kivita. Vita vyenyewe hakuviona. Alikufa mafunzoni huko huko kwenye nyika zenu za theluji, kijana wa miaka ishirini. Ajali, wakaandikiwa wazazi.

Amri ya hapa ni kwamba wazee waambiwe kweli. Basi kila asubuhi tunamwambia Francis alikufa zamani, na kila asubuhi anafiwa upya. Analia kama aliyepata habari sasa hivi, na kesho yake amesahau, tunaanza tena. Mimi moyo wangu hauwezi. Nimemwambia Stacy, yule nesi Mkenya mwenzetu anayekaa Maple Grove, kwamba nataka Bi Margaret apate barua. Akanitazama. "Ruqayya, ukidanganya resident na watu wa juu wajue, mimi na wewe tuko out." Kisha akasema, "Mimi sijasikia kitu. Niko lunch."

Nataka barua yenye stempu ya Kanada. Nimekuandikia maneno kwa Kiingereza kwenye ukurasa wa pili, wewe uyanakili kwa mkono utie posta. Kwa lugha yetu ni hivi: "Mpendwa dada Margaret, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Masomo yanaendelea vizuri. Chakula ni kizuri na walimu ni wema. Usiwe na wasiwasi. Ni mimi kakako, Francis."

Mwandiko wako ni mbaya, lakini na yeye macho yake ni mabovu.

Dadako,
Ruqayya


Regina, Saskatchewan
19 Januari 2025

Dada Ruqayya,

Yaani mimi dereva wa lori la ngano leo nimekuwa rubani, tena marehemu. Haya. Nimenakili na nimetia posta. Ile "hofu na mashaka" imenichekesha peke yangu mezani, nikamkumbuka Mwalimu Salmin na fimbo yake, akitukaririsha namna ya kuanza barua. Sijui kama Wazungu huandika hivyo, lakini wewe ndiye unayekaa nao.

Sipendi jambo hili, nakwambia mapema. Mtu akifa amekufa. Lakini umeniomba.

Mama. Jana nilimpigia akanishika dakika arobaini. Feni inalia kama paka aliyekanyagwa, na fundi amekuja mara mbili akala pesa bure. Chai ya Makena ni maji ya kuoshea vikombe. Mto ni mgumu, eti mimi nilimnunulia mto wa askari. Jirani anakaanga papa asubuhi na harufu inamwingia mpaka kwenye nywele. Mkono wa kushoto bado haunyanyuki, lakini wa kulia ameutumia kunionyesha jinsi nilivyonenepa. Na wewe anasema unampigia saa ambazo watu wamelala, na ukiongea siku hizi unabana pua.

Makena maskini anacheka tu. Anasema akilalamika ni vizuri, siku asipolalamika ndipo huita daktari.

Mdogo wako,
Hussni


Fridley
2 Februari 2025

Hussni,

Barua imefika. Ungemwona! Aliishika bahasha kwa mikono miwili, akapapasa stempu kwa kidole, akaninyooshea nimsomee. Nikasoma. Akasema soma tena. Nikasoma tena. Hakulia. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hapa, asubuhi ilipita bila kilio, akanywa uji wote.

Kitu kimoja tu sikukielewa. Nilipomaliza kusoma aliniuliza, "Hajasema chochote kuhusu viatu?" Nikamwambia hapana. Akageukia ukutani. Nilidhani akili imehama, nikamfunika blanketi.

Anataka nyingine, na mimi sina la kuandika, maana sijui lolote. Umesema huko kuna viwanja vya ndege vya zamani, vya vita. Stacy alitafuta jina la Francis kwenye kompyuta tukaona alikozikwa, mji mdogo saa mbili kutoka kwako. Siku lori likilala nenda ukamzuru. Unitazamie pakoje, kuna miti au hakuna, ili nikiandika tena niandike kitu cha kweli.

Nilimpigia Mama Jumapili. Makena alimwekea simu sikioni. Nikamwambia Mama, naomba Mungu nije kabla ya mwaka kwisha. Akasema, maneno yanakwaruzana lakini nilimsikia, "Ukija njoo na mto." Nimecheka mpaka machozi yakanitoka, kisha yakaendelea kutoka.

Dadako,
Ruqayya


Regina
16 Februari 2025

Dada,

Nimekwenda. Miti hakuna. Kuna uzio, kanisa dogo la mbao, na upepo.

Makaburi ya wale vijana yako upande mmoja, mawe meupe yanayofanana. Nilidhani ni watu waliouawa vitani. Kumbe hakuna hata mmoja aliyefika vitani. Wote walikufa hapa wakijifunza. Mmoja katoka Australia, mwingine New Zealand, Waingereza, na Francis wako. Miaka kumi na tisa. Ishirini. Ishirini na mbili. Nimesoma majina yote kwa sauti, sijui kwa nini, nikaona aibu kupita kimya kama mtu anayekagua mizigo.

Mzee mmoja alikuwa anakwangua theluji mlangoni mwa kanisa. Baba yake alikuwa na shamba karibu na uwanja wa ndege, na yeye alikulia kwenye habari hizo. Akanihadithia. Ndege zilikuwa za manjano ili zionekane zikianguka. Wawili waligongana angani wakijifunza kuruka pamoja, ubawa kwa ubawa. Mmoja aliruka chini sana juu ya nyumba ya msichana aliyempenda, akashika nyaya. Mmoja mabawa yaliganda barafu. Kila ikianguka moja, anasema, wenzake walipandishwa nyingine mchana ule ule, wasije wakapata muda wa kuogopa.

Kwetu ajali ni tukio na ajali ni siku yako uliyoandikiwa, neno moja, basi mtu anainamisha kichwa. Yule mzee hana neno la namna hiyo. Bado anauliza nani alimruhusu nani kupaa siku ile yenye mawingu.

Francis alikuwa peke yake angani, theluji ikashuka. Anasema chini kukiwa kweupe na juu kweupe, rubani hajui kipi ni kipi. Aliifuata mbingu akaikuta ardhi. Sasa sikiliza, Dada, na hili usimwambie yule mama. Wazazi waliandikiwa kwamba alikufa papo hapo. Si kweli. Ndege iligonga ikateleza, akatoka mzima, akatembea. Baba wa huyu mzee ndiye aliyempata siku ya pili, ameketi ameegemea uzio wa shamba, hana jeraha la maana. Viatu alikuwa amevivua, ameviweka pembeni sambamba, kama mtu anayeingia msikitini. Mzee anasema baridi ikizidi humfanya mtu ahisi joto.

Nilirudi kwenye gari nikakaa bila kuwasha injini. Usinitume tena kumwandikia. Mimi yule kijana sasa namjua.

Mama leo ameshtaki kwamba Makena anamkata kucha kama anayemenya viazi. Feni imetengenezwa, sasa analalamika kimya kimezidi, hapati usingizi.

Hussni


Fridley
3 Machi 2025

Hussni,

Umekaa kimya kama aliyemezwa. Barua mbili nimekuandikia, simu hushiki. Ukipotea hivi mimi namwona Francis wako kwenye kila theluji. Kama lori limeharibika sema limeharibika.

Na huko nyumbani pia sielewi. Nikimpigia Makena anasema Mama amelala. Nikipiga asubuhi yetu amelala, nikipiga jioni yetu amelala. Nilimwambia basi niwekee simu sikioni asikie sauti yangu hivyo hivyo akiwa usingizini. Makena akasema simu inaisha chaji, ikakatika.

Jana, Jumapili, nilishuka mtaa wa Cedar kwa basi kununua tende. Ramadhani imeingia na wewe hata hukunitakia heri. Unamkumbuka Umi mwenye duka chini ya majumba marefu, mtu wa Kibokoni, Mombasa? Nilipoingia, wanawake waliokuwa wakipiga soga walinyamaza. Umi akatoka nyuma ya kaunta akanikumbatia, akanishikilia muda mrefu mpaka nikacheka. "Vipi Umi, umeni-miss hivyo?" Akasema, "Ah, Ramadhani tu, mamii. Uko off mpaka lini? Usikae peke yako kwa apartment, uwe unakuja tufuturu." Akanijazia mfuko wa mahamri na mbaazi na hakutaka nilipe. Labda anaona nimekonda.

Bi Margaret anauliza posta. Najua umenikataza, lakini nakuomba moja tu, ya mwisho. Akikosa barua tunarudi kwenye kilio.

Niandikie habari za Mama.

Ruqayya


Regina
9 Machi 2025

Dada Ruqayya,

Samahani kwa kimya. Nilikuwa safarini, mzigo wa mbali, mtandao haukuwepo.

Mama hajambo. Anakusalimu sana, anasema usiwe na wasiwasi. Anapumzika.

Barua ya Francis nimeiandika na kuitia posta. Niliandika mwenyewe, ndefu kidogo, sikungoja maneno yako. Nimemwambia yuko salama, mahali penyewe pametulia, hasikii tena maumivu wala baridi, na kwamba asijilaumu kwa kutofika kumwona. Ukiona kama nimezidisha, samehe.

Ramadhani njema. Kula vizuri. Usiache kwenda kwa Umi.

Hussni


Fridley
20 Machi 2025

Hussni mdogo wangu,

Leo nina neno zuri! Wakili amepiga. Karatasi zimesogea, anasema ruhusa ya kusafiri inaweza kutoka hata mwezi ujao. Nilikaa chini palepale kwenye korido, Stacy akadhani nimeanguka. Aaliyah nilipomwambia alisema, "Mom, go. I'll be fine." Nimeshanunua mto, laini, mtu akilala anazama. Nimeuweka kwenye kiti cha sebuleni na hakuna anayeruhusiwa kuukalia. Mwambie Mama. Mwambie nakuja na mto.

Barua yako kwa Bi Margaret imefika. Ni nzuri mno, sikujua una maneno hayo. Ile ya kutojilaumu ilinifanya niache kusoma kidogo. Yeye alisikiliza macho yamefumbwa. Hakuomba nirudie. Aliichukua akaitia kwenye droo pamoja na ile ya kwanza, akaifunga.

Mbona hujaniambia Mama analalamikia nini? Barua zako zimekuwa fupi kama za benki. Mwaka huu futari anakula nini? Bado anamtesa Makena?

Ruqayya


Regina
25 Machi 2025

Dada,

Mama amefurahi kusikia habari za mto. Anasema asante. Yuko vizuri, hana shida yoyote.

Niko barabarani, nitaandika zaidi baadaye.

Hussni


Fridley
2 Aprili 2025

Hussni,

Idi imepita. Soma barua hii ukiwa umesimamisha gari.

Leo asubuhi Bi Margaret aliamka na akili zake zote. Humjia hivyo mara moja moja, mawingu yanafunguka. Nikamvalisha soksi nikangoja swali la posta. Hakuuliza. Akasema, "Ruqayya, ni nani ananiandikia?"

Nikasema Francis.

Akasema, "Francis hakuwahi kuwa mzima wa afya hata siku moja."

Akaomba nimfungulie droo. Akazishika barua zetu mbili akasema, "Mtu huyu ni mwema, lakini hamjui kaka yangu. Yeye tangu aende Kanada alituandikia kurasa mbili mbili za malalamiko. Uji una madonge. Mwalimu anampiga kofia kwa fimbo. Anatapika kila akipaa. Na viatu, Mungu wangu, viatu walivyompa vinambana, kila barua viatu, mpaka baba akasema huyu kaenda kuwa rubani au mshona viatu. Nilikuwa nikisikia viatu nalala vizuri." Akanipa zile barua. "Hapa hakuna anayelalamika. Mtu aliye hai hulalamika, mwanangu."

Hussni, pale pale nilihisi baridi kuanzia miguuni.

Lakini alikuwa hajanimaliza. Aliniuliza kama najua alivyokufa, maana wao waliambiwa papo hapo na mama yake hakuamini mpaka anaingia kaburini. Ulinikataza. Nilimwambia. Nilimwambia theluji, uzio, na kwamba alitembea. Nilipofika kwenye viatu, vimewekwa pembeni sambamba, alishika mkono wangu. Nilidhani atalia kile kilio chake cha kila siku. Akasema, "Kwa hiyo alivivua." Nikasema ndiyo. Akasema, "Vizuri. Vilikuwa vinambana." Kisha akalia, lakini kilikuwa kilio kingine, cha mtu aliyefika.

Nimerudi nyumbani nimezitoa barua zako zote nikazipanga kitandani. Januari, mto wa askari na papa wa jirani. Februari, kucha na viazi, feni imetengenezwa na kimya kimezidi. Halafu Machi. Hajambo. Anakusalimu. Anapumzika. Anasema asante.

Mama tangu lini akasema asante?

Yule mwanamke akipelekewa mto kutoka Amerika atauliza kwa nini si miwili. Niandikie Mama amelalamika nini wiki hii. Jambo moja tu. Niandikie chai ina chumvi. Ukiniandikia hajambo nitajua.

Ruqayya


Regina
9 Aprili 2025

Dada yangu,

Mama amefariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Ni tangu Februari, siku chache baada ya mimi kutoka kwenye yale makaburi.

Hapakuwa na mzigo wa mbali. Nilikwenda Mombasa. Nilifika wameshamzika, nikakuta udongo umelowa. Kwa hiyo hata mimi mwenye karatasi sikumwona, kama hilo linakupoza, ingawa najua halikupozi.

Usiku wa matanga wazee wa ukoo waliniita. Wakasema huyu Ruqayya akisikia atapanda ndege kesho, atapoteza kila kitu, na Aaliyah atabaki peke yake. Kumzika hatamzika, ameshazikwa. Subirini karatasi zitoke, aambiwe akiwa kati ya watu wake. Nilikubali. Nilimpigia Umi nikamwomba azuie watu wa Cedar wasije kukupa pole. Walikuwa waje kwako wote baada ya Idi kukwambia, nadhani kila mmoja alimsukumia mwenzake. Makena alilia kwenye simu akaniambia hawezi kusema uongo. Nikamwambia basi sema amelala.

Nilipokaa kukuandikia sikujua naanzaje. Nikachukua barua yako ya Francis nikaiga. Mimi mzima, kila kitu kizuri, usiwe na wasiwasi. Na ile barua ndefu niliyomwandikia Bi Margaret haikuwa yake. Ilikuwa yako. Nilitaka uisome kwa sauti.

Hakufa papo hapo, na hili sitakuficha. Alipooza tena asubuhi, akakaa mpaka siku ya pili, maneno yakiwa yamekwisha. Lakini asubuhi ile kabla ya kupooza alikuwa na maneno. Makena amenisimulia yote na mimi nimeyatunza. Chai haina iliki. Shuka limepigwa pasi vibaya. Halafu akakusema wewe. Akasema, "Huyu Ruqayya hupiga simu watu wamelala. Tangu lini mtoto akasahau saa za kwao?" Kisha akamwambia Makena simu aisogeze kwenye mto, usije ukapiga asiisikie.

Ilikuwa kwenye mto. Makena ndiye aliyeitoa.

Hussni


Fridley
21 Aprili 2025

Hussni,

Nimekukasirikia. Nakuandikia ili ujue, na nitakukasirikia mpaka nichoke, na mimi sichoki upesi, nimemrithi Mama.

Umi alikuja na wanawake kumi na zaidi. Walijaza sebule, viatu vikajaa mlangoni mpaka kwenye korido, jirani wa Kizungu akauliza kama kuna harusi. Walisoma hitima. Hawakuniacha nilie kwa nafasi, kila nikifungua mdomo wakaniwekea chakula. Nikamuuliza Umi, "Ulinikumbatia siku ile unajua?" Akasema, "Nilijua, mamii. Nilikuwa nakupa pole bila kuitamka, I couldn't hold it." Sijui kama nimemsamehe. Mahamri yake nilikula.

Wali wa matanga Aaliyah aliupika yeye, ukawa uji. Theluji imeanguka tena, Aprili hii, haina haya. Lifti ya jengo letu imekufa. Mgongo unaniuma upande ule ule. Ule mto bado uko kwenye kiti na hakuna anayeukalia, wala sijui niufanye nini. Mwanamke mmoja aliunyanyua akae, nikapiga ukelele.

Ruhusa imetoka Ijumaa. Bahasha nyeupe, ukurasa mmoja. Nimeitia kwenye droo nikaifunga. Nitakwenda, lakini sasa nakwenda kuona udongo, na udongo hautaniambia nabana pua.

Leo Bi Margaret alikuwa amerudi kwenye mawingu yake. Nikimvalisha soksi akaniuliza, "Posta imepita? Mama yako ameandika?" Sijui amelitoa wapi. Nikamwambia mama yangu amefariki. Akafikiri, akaniuliza, "Alikuwa analalamikia nini?" Basi nikakaa kitandani kwake nikamwambia yote. Feni, papa, mto wa askari, kucha na viazi, iliki, na mtoto asiyejua saa za kwao. Nilisema mpaka Stacy akachungulia mlangoni, akaondoka. Bi Margaret alisikiliza macho yamefumbwa, na nilipomaliza akasema nirudie, kama zamani.

Usiniandikie kwamba u mzima wa afya. Niandikie lori linakusumbua nini, baridi inakuuma wapi, umekula nini kibaya. Andika upesi. Mimi usingizi sipati, nimechoka, sitaki kusikia sauti yako mwezi huu, na viatu vya kazini vinanibana.

Dadako,
Ruqayya